Togwa ya Kipaimara

Kufikia katikati ya Juni, Klementina alikuwa hawezi tena kukaa kitini. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati ya Ntumbuzi, na humo ndani alisimama, akaenda dirishani, akarudi mezani, akafungua daftari na kulifunga kabla hajasoma chochote. Alikuwa afisa afya wa kata, mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa kijiji hichohicho. Alikuwa na pikipiki ya serikali iliyogoma kuwaka asubuhi za baridi, na wagonjwa kumi na tisa ambao hakuna aliyejua wameupatia wapi ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililowafanya watu wauzoee. Kwa miaka mingi kila aliyeumwa kichwa na kukosa hamu ya kula aliambiwa ana taifodi, akapewa vidonge, akapona, basi. Safari hii haikuwa hivyo. Watu walilala wiki mbili na homa haishuki. Mwishoni mwa Mei alifariki Urbano, katekista wa kigango cha Wakatoliki, utumbo ukiwa umetoboka. Wiki iliyofuata akafa jirani yake, mama wa watoto watatu. Timoth, tabibu kijana wa zahanati, alipeleka damu za wagonjwa sita hospitali mjini Sumbawanga, na majibu ya wanne yalirudi yakisema ni taifodi ya kweli, si ya kukisia.

"Ni chemchemi, dada," alisema Timoth. "Kijiji kizima kinakunywa pale."

Kijiji kizima kilisema hivyo pia, na kilikwenda mbele zaidi. Juu ya chemchemi aliishi Limbu, Msukuma aliyehamia miaka sita iliyopita na mke, watoto wanne na ng'ombe arobaini. Sasa ilikuwa wazi kwa kila mtu nani wa kulaumiwa. Klementina alieleza mara nyingi kwamba ng'ombe haugui taifodi wala haiambukizi, kwamba ugonjwa huu hutoka kwenye choo cha binadamu na kuingia mdomoni mwa binadamu. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakasema, haya, kama si ng'ombe basi ni watu wake.

Akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Chuoni, mwalimu wao alipenda kusimulia habari za Waingereza wawili. Wa kwanza, John Snow, kila mwanafunzi wa afya humjua: mwaka 1854, London, alitia alama kwenye ramani kila mahali alipokufa mtu wa kipindupindu, na alama zikajikusanya kuzunguka bomba moja la maji, hadi mpini wa bomba ukaondolewa. Wa pili, William Budd, hatajwi sana, lakini Klementina alimpenda yeye zaidi. Alikuwa daktari katika kijiji alichozaliwa, North Tawton, na taifodi ilipoingia huko mwaka 1839 alikuwa na kitu ambacho wakubwa wa mjini hawakuwa nacho. Aliwajua watu wote. Alijua nani alimuuguza nani, na nani aliondoka akiwa na homa akaenda kuiacha kijiji cha pili. Wakati wengine wakisema ugonjwa unaletwa na hewa chafu, yeye aliufuata mtu kwa mtu.

Mwalimu hakuwaambia jinsi ilivyo kuufuata ugonjwa mahali ambapo kila nyumba kuna mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Walimkaribisha, wakamletea kigoda, wakamuuliza ataolewa lini. Aliandika wanachota maji wapi, choo kiko hatua ngapi, walikula nini, kwa nani. Kila jioni alirudi na kurasa zilizojaa, na kila jioni chemchemi ilizidi kutoeleweka. Nyumba tano zilizo karibu nayo kabisa hazikuwa na mgonjwa. Watoto wa Limbu walikunywa maji yake bila kuchemsha na walikuwa wazima, wakikimbizana na ndama. Na wanne kati ya wagonjwa hawakuwa hata wa Ntumbuzi. Walikuwa wa kijiji cha Mpui, wana kisima chao, walifika kijijini siku ya gulio tu, Alhamisi.

"Umekonda," mama yake alimwambia. Mama yake, Victoria, alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Walikaa pamoja kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoiacha baba. "Kaa ule kwanza. Ugonjwa hautakukimbia."

Klementina alikula amesimama.

Ijumaa, Timoth alipigiwa simu na mwenzake wa mjini. Kulikuwa na mgonjwa wa ishirini, mfanyabiashara wa mahindi wa mtaa wa Majengo anayeitwa Basil, aliyelazwa siku kumi na mbili na kuruhusiwa. Aliwahi kufika Ntumbuzi. Klementina hakungoja Timoth amalize. Alivaa koti, akafunga kilemba chini ya kofia ngumu, akaendesha hadi mjini huku upepo wa nyanda za juu ukimsukuma pembeni ya barabara.

Alimkuta Basil ameketi juu ya magunia mlangoni mwa ghala lake, shati likimning'inia kama limetundikwa. Alikuwa mtu mcheshi hata katika udhaifu wake.

"Mimi ni mwoga wa vyakula vya njiani, dada yangu," alisema. "Nikisafiri nabeba chapati zangu na maji ya chupa. Mke wangu hunicheka. Ntumbuzi nilifika siku moja tu, kuangalia mahindi."

"Hukula kitu chochote? Chochote kile?"

"Sikula." Akafikiri. "Nilikunywa togwa. Lakini togwa si chakula."

Klementina aliandika neno hilo, togwa. Aligundua kwamba katika kurasa zake zote halikuwemo. Aliuliza maji, watu wakamjibu maji. Aliuliza chakula, wakamjibu chakula. Togwa hakuna aliyeitaja.

"Kwa nani?"

"Jina simjui. Mama mmoja mtu mzima anakaa pale mnapoingilia gulioni, ana ndoo mbili za bluu. Togwa yake tamu sana, haijachachuka. Nilikunywa vikombe vitatu." Basil akamtazama. "Vipi, dada? Unaumwa?"

"Hapana," alisema Klementina.

Ndoo zile za bluu alizinunua yeye mwenyewe, Februari, pale pale Majengo, duka la tatu kutoka ghala la Basil. Mama yake alitaka kuacha kuuza mboga, ambazo zilimchosha mgongo, na kuanza togwa. Alianza Machi. Mgonjwa wa kwanza aliugua wiki ya pili ya Aprili.

Njia nzima ya kurudi alipiga hesabu za miaka. Alikuwa darasa la nne mama yake alipolazwa Sumbawanga na homa ya matumbo, yaani taifodi, akarudi nyumbani nywele zimemtoka. Klementina mwenyewe aliugua mwezi huohuo, akapona. Miaka miwili baadaye aliugua mdogo wake, Lazaro, akiwa na miaka mitano. Hakupona. Tangu wakati huo mama aliumwa ubavu wa kulia kila akila kitu cha mafuta. Hospitali walimwambia ana mawe kwenye kifuko cha nyongo, akakataa kupasuliwa. Mambo hayo yote Klementina aliyajua siku zote, kila moja mahali pake. Chuoni walifundishwa pia jambo ambalo hata Budd hakulijua: kwamba mtu anaweza kupona taifodi kabisa, akanenepa, akafanya kazi, akazeeka, na vijidudu vikaendelea kuishi kwenye nyongo yake, vikitoka kidogo kidogo bila yeye kuhisi lolote.

Alisimamisha pikipiki mara mbili barabarani bila sababu. Mara zote mbili alishuka, akazunguka, akapanda tena.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama yake uani na sufuria tatu kubwa. Kesho yake ilikuwa kipaimara, watoto thelathini na wawili wa kigango, na akina mama wa jumuiya walikuwa wamemwomba Victoria awatengenezee togwa ya sherehe. Uji wa mahindi ulikuwa umeiva tangu alfajiri na sasa umepoa. Victoria alikunja mikono ya sweta, akamimina unga wa kimea cha ulezi, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaanza kukoroga taratibu, akivunja madonge kwa vidole.

"Mama, tumia mwiko."

"Kimea hakikubali mwiko. Kinabaki madonge."

"Basi nawa kwanza kwa sabuni."

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Victoria alicheka, lakini aliutoa mkono, na Klementina akamletea maji ya moto na sabuni, akasimama akimwangalia anavyosugua kucha moja moja kama mtoto anayekaguliwa shuleni. Kisha Klementina akachemsha maji yote ya kuzimulia. Akasugua ndoo. Akauliza kama togwa haiwezi kuachwa siku mbili ichachuke vizuri, maana uchachu huua vijidudu vingi.

"Kipaimara ni kesho," alisema mama yake. "Na watoto wanapenda tamu. Una nini wewe leo?"

Huo ndio wakati aliopaswa kusema. Maneno yalikuwepo. Badala yake alijiambia kwamba ana ushahidi wa mtu mmoja, mfanyabiashara aliyekunywa vikombe vitatu, na kwamba vipimo ndivyo vinavyosema, si hisia. Alijiambia sabuni inatosha. Alijua haitoshi. Alikuwa mtaalamu, na hakuna aliyejua zaidi yake ndani ya kilomita thelathini.

Jumapili, baada ya misa, vikombe vilizunguka kwenye uwanja wa kanisa. Klementina alizunguka pia. Hakuweza kusimama mahali pamoja. Aliwaona wasichana waliovaa nguo nyeupe wakinywa na kufuta midomo kwa kiganja. Akamwona Monika, mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji, akirudia kikombe cha pili. Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Adolfu, alimsimamisha.

"Kesho saa tisa mkutano wa kijiji," alisema. "Tunamaliza suala la Limbu. Uje utusaidie kueleza mambo ya chemchemi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Utakuja?"

"Nitakuja."

Jioni ile hakuingia nyumbani. Alienda moja kwa moja kwa wagonjwa, na asubuhi ya Jumatatu akaendelea, akiuliza swali moja tu: uliwahi kunywa togwa gulioni, na ulinunua kwa nani? Hadi saa nane mchana alikuwa amewafikia wote kumi na tisa, au ndugu zao kwa wale wawili waliokufa. Kumi na saba walikunywa kwenye ndoo za bluu. Mjane wa Urbano alisema marehemu alipita pale kila Alhamisi akitoka kufundisha katekisimu. "Alimsifu sana mama yako," alisema.

Watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye kanga chini. Limbu alisimama peke yake pembeni, fimbo ikiwa imelala kwenye mabega yake. Mzee Adolfu alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayesoma jambo lililokwisha kuamuliwa. Kijiji kimezika watu wawili. Kijiji kinamwomba ndugu Limbu ahame ndani ya siku saba, yeye, jamaa yake na mifugo yake. Akamgeukia Klementina. "Bibi afya atatueleza maji yalivyochafuliwa."

Klementina alisimama. Daftari lilikuwa mkononi lakini hakulifungua.

"Maji hayakuchafuliwa," alisema. "Nimepita nyumba zote. Wanaokunywa karibu na chemchemi hawajaugua. Watoto wa Limbu hawajaugua. Walioumwa ni watu wa kila upande, na watu wa Mpui, na mtu mmoja wa Majengo aliyekuja hapa siku moja tu. Kitu walichoshirikiana si maji. Ni togwa ya gulioni."

Watu walitazamana. Kulikuwa na wauza togwa watatu.

"Ya nani?" aliuliza Mzee Adolfu.

"Ya mama yangu."

Klementina alieleza yaliyobaki haraka haraka: kwamba mtu anaweza kubeba ugonjwa bila kuujua na bila kosa, kwamba vipimo bado havijafanyika, kwamba yeyote aliyekunywa jana kanisani aje zahanati siku ileile atakayopata homa, asingoje hata kesho yake. Alipomaliza, mama yake aliinuka kati ya wanawake, akakung'uta kanga, akaikunja mara nne, akaondoka. Hakuharakisha. Wanawake walisogeza miguu kumpisha, na wengine waliisogeza zaidi ya ilivyohitajika.

Klementina alimkuta jikoni amekaa karibu na moto usio na chungu.

"Ungeniambia hapa nyumbani," alisema Victoria. "Ningesimama mwenyewe niwaambie."

"Niliogopa, mama."

"Ulijua lini?"

"Ijumaa. Nilihisi."

"Ijumaa." Victoria alisogeza kuni. "Kwa hiyo Jumamosi ulikaa ukiniangalia nakoroga."

Klementina alibaki amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Mama yake alipozungumza tena alizungumza Kifipa, kama alivyofanya alipokuwa na jambo la ndani sana.

"Na Lazaro?"

"Hatuwezi kujua, mama."

"Nilimlisha kwa mkono huu. Alipokuwa hataki kula nilimtafunia."

"Hakuna anayeweza kujua. Huenda aliupata kwingine. Wakati ule watu wengi waliugua."

"Lakini wewe unafikiri nini?"

Klementina aliketi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, chini kabisa kwenye sakafu ya udongo. Victoria alimtazama usoni, akatikisa kichwa kidogo, kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa hadi maji ya ndoo yakaisha.

Kesho yake walipanda basi pamoja kwenda Sumbawanga kupeleka choo kipimwe, siku hiyo na mara mbili nyingine wiki ileile. Klementina alitoa cha kwake pia, kwa kuwa naye aliwahi kuugua. Cha kwake kilikuwa safi. Vya mama yake, viwili kati ya vitatu viliota vijidudu vya taifodi. Daktari aliyewapokea alikuwa mpole. Alieleza dawa za wiki nne, kisha upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo, maana mawe yale ndiyo yaliyokuwa maficho. Victoria aliuliza swali moja tu, kama ataruhusiwa kupika. Daktari akasema, kwa watu wengine, hapana, mpaka vipimo vitatu mfululizo viwe safi.

Tangu siku hiyo hakupika hata kwa ajili ya binti yake. Alijitengea kikombe, sahani na chungu kidogo. Ndoo za bluu alizipasua kwa shoka.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Taifodi haianzi siku ileile. Huchukua wiki moja, mbili, hata tatu. Watu themanini na kitu walikunywa togwa ya kipaimara, na Klementina alikuwa na majina yao. Kila siku aliwapitia na kipimajoto. Nyumba nyingine zilimkaribisha kama zamani. Nyumba nyingine zilimjibu kupitia dirishani. Siku ya tano, hakuna. Siku ya sita, hakuna. Siku ya saba mtoto mmoja alipata homa, ikawa ni mafua. Timoth alimwambia apumzike japo mchana mmoja, akasema atapumzika, akawasha pikipiki.

Siku ya tisa wakaanza kuugua. Wawili kwa mkupuo, kisha mmoja, kisha watatu. Watano walikuja mapema kwa sababu waliambiwa waje mapema, na Timoth aliwaanzishia dawa siku ileile, na homa ikawashuka ndani ya wiki. Wa sita alikuwa Monika. Alikuwa ameificha homa kwa siku kadhaa kwa sababu alikuwa na mitihani, akimjibu Klementina kupitia dirishani kwamba ni mzima. Siku ya kumi na nane tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Gari la kata lilimpeleka mjini, Monika amelazwa nyuma kwenye godoro, Klementina akimshikia chupa ya maji ya mshipani, Mzee Adolfu akishikilia miguu ya mtoto isirushwe na mashimo. Nusu ya njia Klementina alishindwa kujizuia.

"Mzee, kuna jambo. Kipaimara kilipofanyika, mimi nilikuwa tayari—"

"Usiniambie sasa," alisema Adolfu bila kumtazama. "Mtoto akipona, utaniambia. Asipopona, usiniambie kabisa."

Walimpasua usiku huohuo wakashona utumbo. Siku nne hakuna aliyejua. Klementina alilala kwenye benchi la hospitali, au tuseme alikaa. Wauguzi walimzoea akitembea korido ile kutoka mlango hadi mlango. Siku ya tano Monika aliomba soda.

Alirudi kijijini mwishoni mwa Julai, mwembamba, na kovu refu alilowaonyesha wenzake. Siku iliyofuata Mzee Adolfu alikuja ofisini, akakaa kwenye kiti ambacho Klementina hakukitumia, akaweka kofia juu ya goti.

"Sasa niambie."

Alimwambia yote, Ijumaa, Jumamosi, mwiko, sabuni. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akavaa kofia, akatoka. Miezi mitatu alipokea shikamoo yake kwa kuinamisha kichwa tu, bila kutamka kitu. Klementina aliona mzee ana haki.

Limbu hakuna aliyemwambia tena ahame. Hakuna pia aliyemwendea kumwomba radhi. Agosti, Klementina aliposikia anafunga mizigo, alipanda kule juu kumwomba abaki.

"Si wewe, bibi afya," alisema Limbu. Watoto wake walikuwa wakifunga kuku kwenye tenga. "Wewe ulisema kweli mbele ya watu, tena ya mama yako. Sitasahau. Lakini wale wote waliotaka nihame, ni walewale ninaokutana nao chemchemini kila asubuhi. Siku mtu mwingine akiugua, wataanza kwangu."

"Utaenda wapi?"

"Chini, upande wa Muze. Kuna ndugu zangu."

Alimsindikiza hadi mahali njia inapoanza kuteremka bondeni. Vumbi la ng'ombe lilikaa hewani kwa muda mrefu.

Wakati huo alikuwa akiandika taarifa ya mlipuko. Wagonjwa ishirini na sita, vifo viwili, chanzo, hatua zilizochukuliwa. Kwenye sehemu ya tarehe aliandika kwamba afisa afya wa kata alipata taarifa za kutilia shaka chanzo siku ya Ijumaa na kuchukua hatua siku ya Jumatatu, na kwamba katikati yake togwa ilinywewa na wagonjwa sita walipatikana. Mkubwa wake wa mjini alimpigia simu. Alisema taarifa ni nzuri sana, ila sentensi ile haina ulazima. Haimsaidii mtu, na inaweza kumharibia kazi.

"Nimeisoma mara nyingi," alisema Klementina. "Iache."

Barua ya onyo ilikuja Oktoba. Kazi hakufukuzwa.

Mama yake alipasuliwa Septemba. Walimwonyesha mawe yenyewe ndani ya kichupa, kumi na moja, ya kahawia, makubwa kama punje za mahindi, akaomba yatupwe. Kipimo cha kwanza baada ya hapo kilikuwa safi. Cha pili, safi. Mjane wa Urbano alikuja kumwona mara moja, akaleta mayai, wakakaa uani bila kuzungumza sana. Wanawake wengine wa jumuiya waliendelea kumsalimia kwa mbali. Victoria alirudi kuuza mboga, na maumivu ya mgongo yakamrudia, na hakulalamika.

Majibu ya kipimo cha tatu yalitoka Novemba, wiki ya mvua za kwanza. Klementina aliyapokea kwa simu akiwa barabarani, akaendesha moja kwa moja nyumbani, matope yakimrukia hadi magotini. Mama yake alikuwa akichambua mchicha barazani.

"Safi," alisema Klementina. "Vyote vitatu."

Victoria aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha. Kisha akaingia jikoni. Klementina alimsikia akipuliza moto, akinawa, akinawa tena, akikoroga ugali. Mvua ilianza, ikakatika, ikaanza. Ilikuwa miezi mitano tangu apike kwa ajili ya mtu mwingine.

Alitoka na sinia moja, ugali na mchicha na dagaa, akaliweka kwenye mkeka katikati yao. Akaketi. Hakugusa chakula. Mikono yake aliiweka mapajani, imefunguka, viganja juu, bado imelowa maji.

Klementina alivua buti. Aliketi, akamega tonge, akalibonyeza, akachovya, akalipeleka mdomoni. Mama yake alifuata tonge lile kwa macho tangu sinia hadi lilipomezwa.

"Ongeza chumvi kidogo," alisema Klementina.

Victoria alisimama kwenda kuleta chumvi.